Kumfuta Mtu Kazi Vizuri

Swali lilikuja Jumamosi moja mchana nikiwa nafuta ubao. "Wakili, kwani uliacha kwa nini?"

Walikuwa wanane, wamebanana kwenye chumba nilichokodi juu ya duka la vioo huko Lang'ata, wote wakijiandaa kwa mtihani wa uwakili. Aliyeuliza ni kijana mtulivu ambaye hukaa karibu na dirisha na huandika kila kitu, hata utani. Hakuwa ananichokoza. Alikuwa ameahidiwa nafasi ya kufanya ile miezi sita ya kujifunza kazi chini ya wakili mkongwe, katika kampuni inayowatetea waajiri. Kazi ileile niliyoiacha mimi. Alitaka kujua anaingia wapi.

Nikampa jibu ninalompa kila mtu: masaa mengi, jam ya Mombasa Road, nilitaka kulala kama binadamu. Wakacheka. Tukarudi kwa kifungu cha 41.

Jibu hilo si la uongo. Ila ni kama ile sentensi ya "ameondoka kwa sababu za kibinafsi" ambayo nimeiweka kwenye barua za watu mara nyingi sana. Haidanganyi, lakini pia haisemi kitu. Acha hapa nijaribu kusema.

Kwa miaka tisa kazi yangu ilikuwa sheria ya ajira. Kwa asiyejua: hapa Kenya mwajiri hawezi tu kuamka na kukupiga kalamu. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki kazini. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo ina kifungu chake cha 41, namba zimegongana tu. Hicho kinasema kwamba kabla ya kumfuta mtu kwa utovu wa nidhamu, kazi mbovu au kutojiweza kimwili, mwajiri lazima amweleze sababu, kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe. Kisha lazima awasikilize. Kifungu cha 43 kinamtaka mwajiri athibitishe hiyo sababu. Cha 45 kinataka sababu iwe halali na utaratibu uwe wa haki. Mwajiri akikosea, mahakama inaweza kuamuru alipe fidia isiyozidi mshahara wa miezi 12.

Ni sheria nzuri, na sisemi hivyo kwa kejeli. Anayepoteza kazi hapotezi mshahara peke yake. Anapoteza uwezo wa kumwangalia landilodi machoni, karo ya muhula, na jina lake pale dukani anapokopa unga. Sheria inayosema "kwanza msikilize" imeelewa jambo kubwa.

Shida ni kwamba ukishaandika hatua, atatokea mtu wa kulipwa kuhakikisha hatua zimeonekana kufuatwa. Huyo mtu nilikuwa mimi. Simu ingelia, upande ule mwingine ni HR au mwenye kampuni: "Wakili, kuna mtu tunataka aende." Ningeuliza amefanya nini, ningefungua tarakilishi, na kazi ingeanza. Barua ya kujieleza. Siku kadhaa za kujibu. Barua ya kuitwa kwenye kikao, ikimkumbusha kuwa anaweza kuja na mwenzake. Kumbukumbu za kikao, zisainiwe kila ukurasa. Barua ya uamuzi. Nafasi ya kukata rufaa. Kama ni kupunguza watu, tunahamia kifungu cha 40: notisi ya mwezi mmoja, afisa wa leba ajulishwe, na malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka mzima aliofanya kazi. Mwaka wa 2020, korona ilipofunga kila kitu, niliandika barua za namna hiyo nikiwa mezani kwangu jikoni. Ilifika mahali nabadilisha jina, miaka na hesabu tu. Miaka 14, siku 210. Miaka 6, siku 90. Mbeleni. Mwingine.

Sikuona ubaya, na bado kuna sehemu ya moyo wangu isiyouona. Mwajiri naye ni mtu, ana haki ya wakili. Wako wafanyakazi wanaoiba kweli, wako wanaowashika wenzao vibaya, wako wanaokuja kazini wakiwa walevi na wanaendesha mashine. Kufuata utaratibu ni bora kuliko kumfukuza mtu getini na mabegi yake, na nimeona hayo pia.

Halafu kulikuwa na yule dereva.

Wakili ana deni la siri kwa mteja wake, na deni hilo haliishi ukihama kazi. Kwa hivyo nimebadilisha aliyoyafanya, alikoyafanya na mzigo aliobeba. Tuseme alikuwa dereva wa lori, miaka 14 katika kampuni moja. Tuseme alituhumiwa kunyonya dizeli. Kilichonibakia mimi hakitegemei dizeli.

Niliandika kila karatasi ya faili lake. Kikao kilifanyika dakika thelathini na tano, mwenzake akiwepo, kila kitu kikaandikwa. Barua ya kumfuta nilikuwa nimeiandika siku mbili kabla ya kikao hicho. Kila wakili wa kazi hii atakwambia hilo ni jambo la kawaida: unaandaa barua mapema ili mteja asipoteze muda, na kama mambo yakigeuka, unaitupa. Katika miaka tisa sikumbuki nikiitupa hata moja.

Akaenda kortini. Nilimhoji kizimbani kwa karibu saa nzima. Safari ngapi kwa wiki? Kilomita ngapi? Unajaza mafuta wapi? Nani huandika daftari? Alijibu polepole, akinitazama usoni, na nilipomaliza nilijua tumeshinda. Utaratibu ulikuwa safi. Sababu ilikuwa na karatasi za kuishikilia. Hukumu ilipokuja miezi kadhaa baadaye, kesi yake ilitupwa.

Tukakutana kwenye korido, yeye anatoka na wakili wake, mimi nasubiri lifti. Nikajiandaa kutukanwa, ni sehemu ya kazi. Akanipa mkono. "Asante, wakili," akasema. "Angalau wewe uliniuliza."

Nilidhani ananikejeli. Hakuwa. Alikuwa na maana ya moja kwa moja kabisa. Tangu siku alipopewa barua, hakuna mtu aliyemuuliza swali akisubiri jibu. Wa kwanza kumuuliza kuhusu safari zake, mafuta yake na daftari lake nilikuwa mimi, na nilimuuliza ili nimshinde.

Hadi leo sijui kama aliiba. Watu wakisikia hadithi hii hutaka niwaambie kuwa hakuiba, ili tupate mtu wa kulaumu, lakini sijui. Kinachonisumbua ni kwamba sikuwahi kutaka kujua. Niliisimamia safari yote iliyobuniwa na sheria ili mtu asikilizwe, kutoka hatua ya kwanza hadi ya mwisho, na nikaifikisha salama bila kusikilizwa kwa mtu yeyote.

Mwaka uliofuata niliacha. Nikaanza tuisheni.

Mwanzoni nilijisikia msafi. Hakuna mtu anayelala njaa kwa sababu yangu. Mabaya zaidi, mwanafunzi anafeli na anarudia mtihani. Pesa ni kidogo, lakini usingizi ulirudi. Marafiki walinisifu. "Sasa unarudisha kwa jamii," wakasema, nami nikakubali sifa hiyo kama mtu anayepokea chenji bila kuihesabu.

Kisha nikaihesabu. Jumamosi moja, kabla ya lile swali la kijana wa dirishani, msichana mmoja mkali sana, wa kwanza darasani, aliinua mkono: "Wakili, kikao inafaa kichukue muda gani ndio kipite?"

Ndio kipite. Sijawahi kumfundisha neno hilo. Lakini ndilo neno nililokuwa nikilitumia mimi kwenye simu na wateja. Nilikuwa nimemfundisha bila kulitamka, kwa sababu ndivyo mtihani unavyouliza: taja hatua, kila hatua ina maksi. Mtihani hauwezi kumpa mtu maksi kwa kutaka kujua ukweli. Unampa maksi kwa orodha. Na mimi mwalimu wa orodha ni mzuri sana, nilifanya mazoezi kwa miaka tisa.

Hapo ndipo swali langu lilipobadilika. Mwanzoni nilijiuliza kama nilikuwa na haki ya kuacha. Sasa ninajiuliza kama niliacha kweli. Nilipokuwa ofisini, mikono iliyoandika barua ilikuwa miwili. Sasa kila muhula natuma mikono kumi na sita.

Swali hili ni la zamani kuliko mimi na wewe. Plato aliandika mazungumzo yanayoitwa Gorgias, jina la mwalimu aliyezunguka miji ya Ugiriki akifundisha vijana ufasaha wa kushawishi watu mbele ya mabaraza na mahakama. Kwa lugha ya leo, mwalimu wa tuisheni ya mawakili. Hoja ya Gorgias ni rahisi na inavutia: mtu akifunzwa ngumi, kisha akaenda kumpiga babake, usimfukuze mwalimu wa ngumi mjini. Mwalimu alitoa ujuzi utumike vizuri, lawama ni ya aliyeutumia vibaya.

Nilipoisoma chuoni niliona yuko sawa. Kila mwalimu anaihitaji hoja hiyo ili aweze kuamka asubuhi. Mwalimu wa kemia anaihitaji, fundi wa kufuli anayemfunza kijana kazi anaihitaji. Lakini Socrates anamuuliza jambo moja zaidi: mwanafunzi akija kwako hajui haki ni nini, utamfundisha? Gorgias anajibu kwamba ndiyo, hilo nalo atajifunza kwangu. Anabanwa papo hapo. Kama unawafundisha haki, mbona tena unajitetea mapema kuhusu watakaoitumia vibaya? Na kama huwafundishi, unauza nini?

Siamini, kama Socrates anavyoelekea kuamini pale, kwamba mtu akijua haki basi ataitenda. Mimi nilijua. Lakini swali la "unauza nini" limenikaa kooni. Kwa sababu ngumi ni ngumi, unaweza kuifundisha bila kusema chochote kuhusu baba za watu. Kifungu cha 41 si hivyo. Lengo lake limo ndani yake. Kikao ambacho jibu la mtu haliwezi kubadilisha chochote si kikao kibaya, si kikao kabisa. Kwa hivyo nikimfundisha mtu hatua bila lengo, sijampa ujuzi usio na upande atakaouelekeza mwenyewe. Nimemfundisha kitu kingine na nikakiita kwa jina la sheria.

Kuna hoja nyingine ambayo huwa tunajifariji nayo sisi tuliohamia ualimu: hesabu ya kuzidisha. Wakili mmoja ana mafaili arobaini, mwalimu mmoja ana wanafunzi mamia maishani, na kila mmoja wao atakuwa na mafaili yake. Kwa hivyo nafanya mema zaidi nikiwa darasani. Inaweza kuwa kweli. Lakini kuzidisha hakuchagui. Ukizidisha uzembe unapata uzembe mwingi. Halafu hesabu hiyo ina tabia ya kupigwa na mtu aliyekwisha ingia kwenye nyumba, anayeangalia mvua kupitia dirishani. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Siku hii ninapoandika, kuna mlinzi wa usiku mahali fulani hapa Nairobi aliyefutwa bila barua, hana wakili, na sheria inampa miaka mitatu tu ya kufungua kesi kabla mlango haujafungwa. Mimi ninajua nini cha kumwandikia. Yeye hafaidiki na wanafunzi wangu wa mwaka wa 2035.

Sina jibu safi la hoja hiyo. Nilicho nacho ni mabadiliko mawili madogo.

La kwanza ni la darasani. Siku hizi, kabla ya kutaja hatua, tunafanya kikao. Mmoja ni dereva, mmoja ni HR, mmoja ni mwenzake wa kumsindikiza. Sharti ni moja: mweleze mtuhumiwa kosa lake kwa lugha anayoielewa, kama kifungu kinavyosema, na kwa leo lugha hiyo ni Kiswahili. Usidhani ni rahisi. Hawa ni watu waliosoma sheria miaka minne kwa Kiingereza na watafanya mtihani kwa Kiingereza. Wanafungua mdomo na hakuna kinachotoka. Tukiwa mtaani sote tunaongea vizuri, lakini ukimvika mtu suti ya sheria, lugha ya mamake inamkimbia. Wanagugumia, wanacheka, wanarudia Kiingereza kwa sauti kubwa zaidi, kama ambavyo nimeona mameneja halisi wakifanya. Na polepole wanagundua kitu ambacho sikuwahi kukigundua ofisini: shutuma nyingi zilizoonekana nzito kwa Kiingereza, ukizisema kwa maneno ya kawaida, mtu huona kwamba hazijaeleza kitu. "Umepoteza imani ya kampuni." Haya. Nimefanya nini?

Wiki ile ya kwanza, kijana wa dirishani ndiye alikuwa dereva. Alikaa kimya kwa muda, akiangalia meza, kisha akamuuliza yule msichana mkali aliyekuwa HR: "Madam, kabla nijibu. Mshaamua ama bado?"

Hakuna aliyecheka. Msichana alinitazama mimi, kana kwamba jibu liko kwangu. Alikuwa sahihi.

Ndipo nikawaambia kuhusu dereva na korido na ule mkono aliounyoosha. Niliwaambia kuhusu barua iliyoandikwa siku mbili kabla. Kijana aliandika kila kitu, kama kawaida yake, halafu akaweka kalamu chini. "Sasa niende pale ama nisiende?"

Sikumwambia asiende. Nilifikiri juu yake sana, na bado nadhani sikukosea. Kama kila mtu anayesita akiacha kuingia kwenye vyumba vile, watabaki wasiosita. Na pia, nani alinipa mimi ruhusa ya kumfungia kijana wa watu mlango wa riziki ili dhamiri yangu ilale? Anatoka familia ambayo mshahara wake wa kwanza tayari una majina. Nilimwambia hivi: ukiambiwa uandike barua kabla ya kikao, jiulize kama kuna jibu lolote, hata moja, ambalo mtu huyo anaweza kutoa likaifanya itupwe. Kama lipo, fanya kazi yako. Kama halipo, mwambie mkubwa wako hivyo, kwa heshima, kwa maandishi. Mteja akifuta watu kwa maigizo, siku moja jaji atayaona, kwa hivyo hata kwa mteja ni ushauri mzuri. "Na mkubwa akisema niandike tu?" akauliza. Nikamwambia basi wakati huo utajua unachofanya, na kwamba mimi nilikaa miaka tisa bila kujua, au nikijifanya.

Si ushauri wa kishujaa. Mwenye msimamo mkali atasema nilipaswa kumwambia akatae. Labda. Lakini najua bei ya kukataa ukiwa chini kabisa ya ngazi, na sitaki kuwa mtu anayeuza ujasiri kwa vijana akiwa yeye mwenyewe hakuununua.

Mabadiliko ya pili ni haya. Wakili hapa kwetu hulipia leseni yake ya kufanya kazi kila mwaka. Tangu niache, kila Januari nimekuwa nikijiuliza nilipie ya nini, mimi mwalimu wa tuisheni. Mwaka huu nililipa. Nina mafaili matatu sasa: mlinzi mmoja, mpishi mmoja na dada mmoja wa nyumba aliyefutwa akiwa na mimba ya miezi saba. Matatu si arobaini. Hayatanifuta deni la yule dereva, kwa sababu hayamhusu. Siyafanyi ili nilale, kulala nalala siku hizi.

Nayafanya kwa sababu niliona ni vigumu kuwaambia watu wanane kwamba kusikiliza ndiyo kazi yenyewe huku mimi mwenyewe nikiwa sina mtu wa kumsikiliza. Jumatano mpishi alikuja pale juu ya duka la vioo, akakaa kwenye kiti cha kijana wa dirishani, akatoa karatasi zake kwenye mfuko wa plastiki. Nilitaka kuanza na tarehe, kama nilivyozoea. Nikaweka kalamu chini nikamwambia aanze popote anapotaka.

Alianza na habari ya jikoni, jinsi jiko la gesi lilivyokuwa linavuja na hakuna aliyelirekebisha. Kwa dakika ishirini sikuona inahusiana vipi na kesi. Halafu nikaona.